Je, Wajua? Joka lenye vichwa saba, kiti cha enzi na siku 12 za Rureke

Je, wajua kwamba kambi ya Nakivale na The Lord of the Rings ni karibu rika moja? Juzuu ya tatu na ya mwisho ya kitabu hicho cha J.R.R. Tolkien ilitoka London Oktoba 1955. Nakivale, huku Isingiro nchini Uganda, ilifunguliwa 1958 na kutambuliwa rasmi 1960, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 1956, ng'ambo ya mpaka huko Kivu, mtu mmoja wa Kinyanga alitamba hekaya moja kwa siku 12. Na Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuchapisha Kusadikika tangu 1951. Muongo mmoja, hekaya tatu kubwa, na kambi ambayo baadaye ingewakusanya wenye hekaya kutoka kila upande.

Vijana wanaosoma riwaya za fantasia kwenye simu, Mbarara mjini na kambini vilevile, hubishana sana: nani zaidi, Tolkien au Martin, Jordan au Sanderson? Nauheshimu ubishi huo. Anayeweza kukitetea kitabu cha kurasa 900 ni msomaji wa kweli. Ninachotaka leo ni kuongeza wachezaji uwanjani. Nakivale kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na kwa upande wa hadithi hakuna kati yao aliyekuja mikono mitupu.

Tuanze na urefu, maana ndiko ubishi unakoanzia. The Wheel of Time ya Robert Jordan ina vitabu 14, ukiacha kimoja cha utangulizi, na maneno zaidi ya milioni 4. Malazan ya Steven Erikson wa Kanada ina vitabu 10 vilivyotoka kati ya 1999 na 2011, maneno zaidi ya milioni 3. A Song of Ice and Fire ya George R.R. Martin imefika vitabu 5, maneno kama milioni 1.7. Robin Hobb alitumia miaka 22, toka 1995 hadi 2017, kumaliza vitabu 16 vya ulimwengu mmoja. Tolkien, anayehesabiwa mzee wa fantasia ya namna hii, hakufika maneno nusu milioni katika The Lord of the Rings.

Je, wajua kwamba Tolkien alikusudia kitabu hicho kiwe kimoja? Kiligawanywa juzuu tatu kwa sababu baada ya vita karatasi ilikuwa ghali Uingereza, na mchapishaji aliogopa hasara. Desturi ya fantasia kuja tatutatu, ambayo waandishi wengi wameifuata kama sheria, ilizaliwa na bei ya karatasi.

Tolkien mwenyewe alizaliwa Afrika, mjini Bloemfontein, tarehe 3 Januari 1892, akapelekwa Uingereza akiwa na umri wa miaka mitatu.

Je, wajua kwamba Robert Jordan si jina lake la kuzaliwa? Aliitwa James Oliver Rigney, mtu wa Charleston, South Carolina, na alipigana Vietnam akiwa mpiga bunduki kwenye helikopta. Martin, wa kizazi hichohicho, aliikataa vita ileile kwa sababu za dhamiri na akapangiwa kazi ya kuhudumia jamii badala ya kwenda jeshini. Tolkien alikuwa Somme mwaka 1916 na kupoteza karibu marafiki zake wote wa ujana. Ukiyajua hayo, unavisoma vitabu vyao kwa jicho jingine. Kwa Jordan vita vina harufu ya moshi na uchovu wa askari. Martin humtazama zaidi mkulima ambaye shamba lake limechomwa na pande zote mbili. Tolkien anakaa na safari: miguu, njaa, mzigo, rafiki anayekubeba pale nguvu zinapoisha. Msomaji aliyevuka mpaka wa Bunagana na wadogo zake hahitaji mwalimu wa fasihi kumfafanulia sehemu hizo.

Sasa twende Walikale, Kongo, kwa yule mtambaji wa siku 12.

Je, wajua kwamba hekaya ya Mwindo, ya Wanyanga wa Kivu Kaskazini, ni miongoni mwa tendi za Afrika zinazosomwa sana vyuo vikuu vya dunia? Mtambaji aliyeitoa aliitwa Candi Rureke. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wa Kinyanga waliandika huku Rureke akiimba, akicheza, akiigiza kila mhusika na kuzungumza na wasikilizaji, ambao nao waliitikia viitikio. Alikuwa hajawahi kuitamba hekaya yote kwa mfululizo namna ile. Kwa kawaida watu huomba kipande: leo kuzaliwa kwa shujaa, siku nyingine safari ya kuzimu. Siku 12 zilimchosha hadi mwisho wa nguvu zake. Biebuyck na mwanaisimu Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, waliichapisha 1969 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Na hadithi yenyewe? Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anatangaza kwamba wake zake wazae mabinti tu. Mtoto wa kiume atauawa. Mwindo anazaliwa kwa kupitia kidole cha kati cha mama yake, akiwa tayari anatembea na kusema, mkononi ameshika usinga wake wa uchawi. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika, mtoto anatoka kaburini. Mwisho anamtia ndani ya ngoma, anaifunga na kuitupa mtoni. Mwindo anasafiri chini ya maji ndani ya ngoma ile mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Wajomba zake, ambao ni wafua chuma, wanamvika mwili wote chuma. Anairudia Tubondo na kuishinda kwa msaada wa Nkuba, mwenye radi, na baba yake anakimbilia kuzimu kwa Muisa. Mwana anamfuata hukohuko. Binti wa Muisa, Kahindo, anaugua vidonda mwili mzima. Mwindo hamkimbii bali anamwosha, naye ndiye anayemfundisha namna ya kutoka salama. Kisha Mwindo anamrudisha baba yake nyumbani akiwa hai na kugawana naye utawala.

Hapo ndipo ninapomweka Mwindo juu ya mashujaa wengi wa vitabu vya kisasa. Katika riwaya nyingi za fantasia, mwana aliyetupwa humuua baba au humvua taji, na kitabu kinafungwa kwa shangwe. Rureke anakwenda mbali zaidi. Baada ya amani, Mwindo analiua joka Kirimu, lenye ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba na macho saba. Kumbe Kirimu ni rafiki wa damu wa Nkuba. Nkuba anamchukua Mwindo hadi mbinguni na kumweka huko mwaka mzima kwenye mvua, baridi na jua kali, mpaka aachane na kujisifu na kuua wanyama ovyo. Anaporudi anawapa watu sheria, na mojawapo ni kumpokea kila mtoto anayezaliwa, awe wa kiume, awe wa kike, awe mlemavu. Hekaya iliyoanza na baba anayeua watoto inamalizia na sheria ya kuwapokea. Huo ni ustadi wa ujenzi ambao mwandishi yeyote wa vitabu 14 angejivunia.

Biebuyck alichapisha matoleo mengine ya Mwindo mwaka 1978, na hayafanani. Mwindo wa mtambaji mmoja ni mpole kuliko wa mwingine, na matukio hubadilishana nafasi. Wasomaji wa Martin ambao hukasirika runinga ikipindisha kitabu wangepata tabu Walikale, maana huko kila mtambaji hodari ana njia yake, na wasikilizaji humpima kwa jinsi anavyoipita.

Je, wajua kwamba mtoto mwingine aliyetupwa mtoni akapona ni mhenga wa upande huu wa mpaka? Kisa hiki kinasimuliwa Bunyoro, Nkore, na kote palipokuwa Kitara, nami nitakieleza kwa kirefu kwa sababu anayekisikia mara ya kwanza hufikiri ni njama ya mtunzi wa runinga.

Mfalme Isaza wa Kitara analetewa mafumbo na Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu. Mafumbo yanafumbuliwa, na Nyamiyonga anataka wachanjane urafiki wa damu. Isaza anaogopa, anamsukuma mbele mlinzi wake wa lango, Bukuku, achanje kwa niaba yake. Nyamiyonga anagundua hila ile na kukasirika. Anamtuma binti yake Nyamata, mzuri wa kuvunja ahadi za wanaume, aolewe na Isaza na kupeleleza moyo wake unapenda nini. Jibu linarudi: ng'ombe. Basi kuzimu wanampelekea ng'ombe wazuri kupita wote. Siku moja ng'ombe anapotea, Isaza anamfuata, ardhi inafunguka, naye harudi tena. Mlinzi wa lango anakaa kwenye kiti cha enzi. Waaguzi wanamwambia kwamba atauawa na mtoto wa binti yake, Nyinamwiru. Baba anamtoboa binti jicho moja, anamkata sikio moja na kumfungia ndani. Isimbwa, mwana wa Isaza na Nyamata, anamfikia hata huko. Mtoto wao anatupwa mtoni, anaokotwa na mfinyanzi Rubumbi, anakua na kumuua babu yake. Ndiye Ndahura, wa kwanza wa wafalme wa Wachwezi.

Linganisha sasa. Utabiri ambao mtu hawezi kuukwepa ni uti wa mgongo wa The Wheel of Time. Mlinzi wa lango anayeinuka kuwa mfalme, wakubwa wasimtambue, ni Martin mtupu. Ila Martin amejaza kurasa nyingi kwa kueleza mifarakano ya koo, wakati msimuliaji wa Kitara anamaliza usaliti mkubwa kwa ng'ombe mmoja aliyepotea. Kila mfugaji wa Ankole anaelewa mara moja kwa nini mfalme aliuacha ufalme akamfuata ng'ombe.

Ufalme wa Wachwezi katika masimulizi ni mfupi ajabu: Ndahura, Mulindwa, Wamala, kisha wanatoweka. Wanahistoria bado wanajadili kama walikuwa watu, miungu, au vyote viwili.

Ukitaka kuona ukuta wa hekaya, si lazima uende Uingereza, ambako Martin alipata wazo la Ukuta wake wa barafu mwaka 1981 aliposimama kwenye Ukuta wa Hadrian. Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga wilayani Sembabule, ni mahandaki ya ulinzi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, mengine yamechongwa ndani ya mwamba. Merrick Posnansky alipachimba 1960. Wenyeji wanapahusisha na Wamala. Watu walipachimba kwa mikono na majembe karne kadhaa zilizopita, nami nakiri kwamba pananivutia kuliko kasri lolote la runinga.

Karibu zaidi na Mbarara, kwenye barabara ya Masaka, kuna Biharwe, na hapo kipo kituo cha utamaduni cha Igongo chenye makumbusho yake. Tarehe 17 Aprili 1520 jua lilipatwa. Masimulizi yanasema jeshi la Bunyoro la mfalme Olimi lilikuwa linapita na ng'ombe wa nyara, giza likaingia, askari wakaogopa wakawaacha ng'ombe. Wenyeji waliokuta kundi lisilo na mwenyewe waliona limeshuka kutoka mbinguni. Wanaastronomia wameikokotoa siku ile kwa hesabu zao, nayo imewasaidia wanahistoria kupanga orodha za wafalme wa eneo hili. Wapenzi wa fantasia huchora kalenda za nchi za kubuni. Biharwe tuna hekaya iliyobeba tarehe halisi kwa karne tano.

Je, wajua kwamba Wahima walikuwa na sanaa ambayo shujaa anajitungia utendi wake mwenyewe? Inaitwa ekyevugo. Mwanamume husimama na kutamka sifa zake, vita alivyopigana, wenzake na mahali kwa mahali, kwa kasi inayotaka pumzi ya mkimbiaji, na wasikilizaji humwitikia mwisho wa mstari. Ng'ombe nao wana yao, ekirahiro. Henry F. Morris alizikusanya na kuzichapisha Oxford mwaka 1964. Miaka mitatu baadaye serikali ilifuta falme za Uganda, Nkore ikiwamo, na ziliporudishwa nyingine 1993, ya Nkore haikurudi. Mashairi yalibaki.

Shujaa aliyevuka mipaka mingi kuliko wote hapa kwetu ni Ryangombe. Rwanda anajulikana kwa jina hilo, Burundi anaitwa Kiranga, na ibada za mizimu ziitwazo mandwa zinamfikisha hadi Ankole. Ni mwindaji mkubwa, anauawa na nyati porini, na baada ya kifo wafuasi wake wanaungana naye kwa ibada. Mzee wa Kirundi na mzee wa Kinyarwanda wakikaa pamoja Nakivale, huyu ni mtu wanayeweza kumzungumzia jioni nzima, kila mmoja akiwa na sehemu ambayo mwenzake hajaisikia.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitunga kwa Kinyarwanda utendi wa uumbaji wenye maelfu ya mistari. Alitunga pia shairi refu la kuisifu nyama ya nguruwe, akalichapisha 1949.

Ni nani anamaliza, na nani harithiwi? Hapa wasomaji wa fantasia wana uchungu wa kweli. Jordan alifariki tarehe 16 Septemba 2007 akiwa bado hajamaliza kitabu cha mwisho. Alikuwa ameacha maelezo na kurekodi baadhi ya matukio ya mwisho. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye pia ndiye aliyekuwa mhariri wake, alisoma maneno ya rambirambi yaliyoandikwa na kijana mmoja, Brandon Sanderson, akampigia simu. Kitabu kimoja kikawa vitatu, na cha mwisho kilitoka Januari 2013. Mtoto wa Tolkien, Christopher, alichapisha The Silmarillion 1977, miaka minne baada ya baba yake kufa, na akaendelea na kazi hiyo hadi uzeeni. Martin alitoa kitabu cha tano Julai 2011, runinga ikamaliza hadithi yake Mei 2019, na wasomaji hadi leo wanasubiri cha sita.

Mtambaji wa Kinyanga hamwachii mrithi karatasi. Kijana humfuata mkubwa wake, anabeba vifaa, anapiga vijiti vya mdundo, anaitikia, na miaka inapopita anaachiwa kipande, kisha kipande kingine. McDougal alilazimika kumtafuta mrithi baada ya msiba. Huku mrithi anaandaliwa mzee akiwa hai, kijiji kizima kikimpima. Hatari yetu iko kwingine: vita vinapotawanya kijiji, mzee anaangukia kambi moja na mwanafunzi nyingine. Kwa hiyo ninawaomba walimu wa shule za Nakivale wawaalike wazee darasani, na kila mwenye simu inayorekodi sauti aitumie mapema.

Sanderson huyo, kabla hajajulikana, alifanya kazi zamu ya usiku mapokezi ya hoteli na kuandika humo. Kitabu chake cha kwanza kuchapishwa, mwaka 2005, kilikuwa cha sita kuandika. Mwaka 2022 aliwachangisha wasomaji mtandaoni, wakampa zaidi ya dola milioni 41 kwa riwaya nne ambazo alikuwa amezificha.

Martin anaandikia WordStar, programu ya zamani, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti.

Je, wajua kwamba Wasomali wana mfululizo ambao kila sehemu ina mtunzi wake? Mshairi anarusha shairi, mwingine anajibu kwa urari uleule na kwa herufi ileile ya mwanzo, wa tatu anaingia, na mnyororo unaweza kuvutwa kwa miezi au miaka. Mnyororo uitwao Guba ulianza miaka ya 1920 nao ulihusu ugomvi wa koo. Deelley ulianza 1979 kwa shairi la Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, dhidi ya ukabila. Makumi ya washairi waliingia, wote wakishikilia herufi D, na kaseti zikapita mkono hadi mkono. Fikiria Jordan, Martin, Hobb na Erikson wakijibizana ndani ya kitabu kimoja, kila mmoja akifungwa na kanuni aliyoiweka wa kwanza. Sioni wakivumilia sura tatu.

Kwa upande wa pwani, Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo ulinakiliwa Pate mwaka 1728 na una beti zaidi ya 1,100. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi una zaidi ya 4,000. Shaaban Robert alitumia beti 3,000 kwa vita vya 1939 hadi 1945. Fumo Liongo, shujaa wa Waswahili, alikuwa hauawi kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, naye alichomwa na kijana wa damu yake. Smaug, joka la Tolkien katika The Hobbit, naye alikuwa na mahali pamoja pasipo ganda. Muhammad Kijuma wa Lamu aliandika utendi wa Liongo 1913, miaka 24 kabla ya Smaug.

Kusadikika inastahili kusomwa upya na kijana yeyote anayependa nchi za kubuni. Nchi hiyo iko angani. Karama anashitakiwa kwa kufundisha sheria, na kortini anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na ujuzi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Ni kitabu chembamba. Hakina ramani wala kamusi ya lugha za kubuni, lakini kina kitu ambacho vitabu vinene hukichelewesha: sababu ya kuwepo kwa nchi hiyo unaijua tangu kurasa za mwanzo.

Tolkien alipenda Kalevala ya Wafini, ambayo daktari Elias Lönnrot aliikusanya kwa kutembea vijijini na kuichapisha 1835, kisha kuikuza 1849. Tafsiri ya Kiswahili ipo. Aliifanya Jan Knappert.

Uganda yenyewe imetoa riwaya ya kizazi hadi kizazi. Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyoshinda tuzo ya miswada ya Kwani? mwaka 2013 na kuchapishwa 2014, inaanza 1750 na laana moja, kisha inawafuata wazao hadi siku zetu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwa Kikuyu utendi wa mabinti tisa, Kenda Mũiyũru, na mwaka 2021 ikawa kazi ya kwanza ya lugha ya asili ya Kiafrika kuingia orodha ndefu ya tuzo ya Booker ya kimataifa. Aliitafsiri mwenyewe.

Na je, wajua kwamba kuna fantasia ndefu ya Kimarekani ambayo bara lake linaitwa Nyumbani? Ndiyo, kwa Kiswahili hiki chetu. Mtunzi ni Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania 1946. Alihamia Kanada 1969 asipelekwe Vietnam, akawa mwanahabari huko Nova Scotia. Alichoka kusoma fantasia ambazo mtu mweusi ndani yake ni mtumwa au adui, akamtunga Imaro, shujaa wa nyika anayekulia miongoni mwa wafugaji wanaofanana na Wamaasai. Kitabu cha kwanza kilitoka 1981. Mchapishaji aliandika kwenye jalada kwamba shujaa ni Tarzan mweusi, wenye haki za Tarzan wakatishia kushtaki, jalada likabidi libadilishwe na mauzo yakaumia. Kitabu cha pili na cha tatu vilitoka 1984 na 1985, kisha kimya cha miaka zaidi ya 20 hadi cha nne, 2009.

Wakati Imaro anaandaliwa kuchapishwa upya mwaka 2006, Saunders alikisoma tena na kusimama kwenye sehemu moja. Ilikuwa kisa cha jamii mbili, moja ikiitawala nyingine, na uhasama uliomwagika damu. Alikuwa amekiandika miaka mingi kabla ya 1994, na sasa kilifanana mno na mauaji ya kimbari yaliyotokea Rwanda mwaka huo. Akakiondoa chote na kuandika kingine mahali pake. Anayesoma toleo la 1981 na lile la 2006 anakutana na vitabu viwili tofauti hapo katikati, na sababu ya tofauti hiyo wanaijua vizuri watu wanaoishi leo Nakivale.